Uainishaji wa malighafi zenye sukari: maamuzi ya forodha yachapishwe

Ndugu Mhariri,

Kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, wasomaji wa gazeti lako hutazama kwa makini asilimia za ushuru wa forodha zilizopanda na zilizoshuka, na mjadala wa siku zinazofuata huwa juu ya asilimia hizo. Naomba nafasi nizungumzie jambo linaloitangulia asilimia, ambalo kwa mwagizaji wa malighafi za vyakula lina uzito kuliko hotuba yenyewe. Ni nani anayeamua kwamba mfuko wa kilo 25 wenye mchanganyiko mtamu ni unga uliotayarishwa, au ni sukari, au ni chakula kisichotajwa penginepo katika kitabu cha ushuru? Na uamuzi huo huwekwa wapi, ili mfanyabiashara mwingine auone kabla hajalipia mzigo wake?

Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni viwanda vidogo na vya kati: waokaji wa mikate na biskuti, watengenezaji wa aiskrimu, wa peremende na wa vinywaji vya unga. Ninayoyasema ni maoni yangu binafsi, si ya chama chochote cha mawakala.

Tangu tarehe 1 Julai 2022, Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vina ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Nje ya ngazi hizo ipo orodha ya bidhaa nyeti, ambamo sukari ya kichwa 1701 (kichwa ni kundi la bidhaa lenye namba ya tarakimu nne katika kitabu cha ushuru) imewekewa asilimia 100 ya thamani au dola 460 za Marekani kwa tani, kiasi chochote kitakachokuwa kikubwa, na maziwa ya unga ya kichwa 0402 yamewekewa asilimia 60. Nchi wanachama huruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa kipindi maalumu, na ruhusa hizo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya kila mwaka mpya wa fedha unapokaribia, lakini ukuta kati ya sukari na vilivyo jirani na sukari hubaki mrefu. Tuchukue mfano wa tani 20 za mchanganyiko mtamu, zenye thamani ya dola 900 kwa tani zikifika bandarini, nauli na bima zikiwemo, yaani dola 18,000 kwa jumla. Zikitozwa asilimia 25, ushuru ni dola 4,500. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, mwagizaji atalipa dola 8,550. Mzigo huohuo ukihamishiwa kwenye kichwa cha sukari kwa kiwango cha asilimia 100, ushuru unakuwa dola 18,000 na VAT dola 6,480, yaani dola 24,480, achilia mbali tozo nyingine. Tofauti hiyo ya karibu dola 16,000 haitokani na bei iliyofichwa wala uzito uliopunguzwa. Imetokana na tarakimu nne za mwanzo za namba ya HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba.

Tarakimu hizo hazikutungwa Arusha wala Dodoma. Mkataba wa mfumo wa HS ulisainiwa Brussels mwaka 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima: mbili za mwanzo ni sura, nne ni kichwa, na sita ni kifungu. Jumuiya yetu huongeza mbili za kwake. Mkataba una kanuni sita za tafsiri, na ya kwanza inasema kwamba uainishaji huamuliwa na maneno ya vichwa pamoja na maelezo ya sehemu na sura. Kanuni ya 3(b), inayotazama kile kinachoipa bidhaa mchanganyiko sifa yake kuu, hutumika pale tu zilizoitangulia zinaposhindwa kutoa jibu. Katika mabishano ya kaunta, hata hivyo, hiyo ndiyo inayotajwa kwanza na mwisho. Afisa anauliza, "Humu kilicho kingi ni nini?" na jibu likiwa ni sukari, wengine huona kazi imekwisha.

Kazi haijaisha, kwa sababu kichwa 1701 ni chembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kinahusu sukari ya miwa au ya kiazisukari, na sukrosi safi, ikiwa katika hali ya yabisi. Sukari hiyo ikitiwa ladha au rangi hubaki palepale, maana kipo kifungu chake mahususi, 1701.91. Ikiyeyushwa kuwa shira isiyotiwa ladha wala rangi, huhamia 1702. Shira hiyo ikitiwa ladha, hutoka kabisa katika Sura ya 17 na kwenda 2106. Kwa hiyo kutia vanila hakubadilishi kichwa cha sukari ya punje, lakini kunaiondoa sukari ya majimaji katika sura yake. Asiyesoma maneno ya vichwa ataona huu ni wendawazimu. Aliyeyasoma ataona ni sheria, iwe ameipenda au hakuipenda.

Kakao ni somo refu zaidi. Unga wa kakao usio na sukari upo 1805. Ukitiwa sukari unakwenda 1806.10, na hapo hakuna maneno yanayousogeza kwenye kichwa cha sukari hata kama sukari ni sehemu kubwa ya uzito wake. Peremende zisizo na kakao ni 1704. Zikiwa na kakao, maelezo ya Sura ya 17 yenyewe yanazitoa na kuzipeleka 1806. Vyakula vilivyotayarishwa kwa unga, wanga au kimea hubaki 1901 ikiwa kakao ndani yake, ikihesabiwa bila mafuta yake yote, haifiki asilimia 40 ya uzito; vilivyotayarishwa kwa maziwa ya vichwa 0401 hadi 0404, kikomo ni asilimia 5 tu. Kwa hiyo makopo mawili ya kinywaji cha unga yanayokaa rafu moja dukani, yenye rangi moja na karibu ladha moja, yanaweza kuwa na vichwa tofauti kihalali kabisa, na aliyeyatamka hivyo hajamdanganya mtu.

Hali ni hiyohiyo kwa malighafi za waokaji. Mchanganyiko wa unga wa ngano, sukari, mafuta na maziwa, uliotayarishwa kuokea keki, ni 1901.20. Kibandiko laini cha sukari cha kufunikia keki, ambacho waokaji wetu wa majumbani wanakiita fondanti, ni 1704. Poda ya jeli yenye jelatini, ambayo ukiionja unaona ni sukari tupu, ni 2106, na ufafanuzi wa kichwa hicho hauoni tatizo poda hiyo kuwa imetiwa utamu. Lakini kastadi iliyotengenezwa kwa wanga wa mahindi ni 1901. Maziwa ya unga yaliyotiwa sukari hubaki 0402, yaani yanapigwa asilimia 60, ila mafuta yake ya asili yakitolewa na kuwekwa mafuta ya mawese, bidhaa si maziwa tena machoni pa forodha na huhamia Sura ya 19. Viongeza utamu visivyo sukari, kama sukralosi na sakarini, vina vifungu vyake katika Sura ya 29 pamoja na kemikali, ila vikichanganywa na laktosi kuwa vidonge vya kutilia chai vinaingia 2106.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi tatizo letu ni maltodekstrini, poda nyeupe inayotokana na wanga, ambayo viwanda huitumia kujaza na kukausha vyakula. Maelezo ya Sura ya 35 yanasema kwamba mazao ya kuvunjwa kwa wanga yenye sukari rejeshi (sukari inayojitokeza wanga unapovunjwa) isiyozidi asilimia 10, ikihesabiwa kama dekstrosi katika uzito mkavu, ni dekstrini za 3505. Ikizidi asilimia 10, bidhaa ni sukari nyingine ya 1702. Hapo jicho la mkaguzi halisaidii, wala ulimi wake. Kinachohitajika ni maabara, na jibu la maabara linalokuja baada ya wiki tatu ni jibu ambalo mwenye mzigo amelilipia tozo ya uhifadhi na ya kuchelewesha kontena kila siku ya wiki hizo.

Sikatai kwamba ulaghai upo. Panapokuwa na ukuta mrefu wa ushuru, watu hutafuta tundu, na tundu jepesi kuliko yote ni kuchukua sukari, kuichanganya na kiasi kidogo cha kitu kingine, na kuiandika kwenye ankara kuwa chakula kilichotayarishwa. Sukari ya viwandani nayo, inayoingizwa kwa ushuru nafuu wa asilimia 10 kwa viwanda vilivyoidhinishwa, imekuwa ikilalamikiwa miaka mingi kwamba hupotelea madukani. Mkulima wa miwa wa Kilombero au Mtibwa, anayesubiri malipo kutoka kiwandani, ana haki ya kulindwa dhidi ya sukari iliyovishwa jina jingine, na sioni ubaya afisa wa forodha akiutilia shaka mfuko wenye jina refu na viambato vichache.

Ninachopinga ni dawa inayopendekezwa mara kwa mara, kwamba mchanganyiko wowote ambao sukari inazidi nusu utozwe kama sukari. Pendekezo hilo linavunja mkataba tuliousaini, kwa sababu nchi haiwezi kuhamisha bidhaa kutoka kichwa kimoja cha tarakimu nne kwenda kingine kwa waraka wa ndani. Tena si lazima kuuvunja ili kumlinda mkulima. Jumuiya ina mamlaka juu ya tarakimu mbili za mwisho. Inaweza kugawa vifungu vya 1806, 1901 na 2106 kwa kiwango cha sukari katika uzito mkavu, na kuweka ushuru mkubwa kwa ule upande wenye sukari nyingi. Marekani imefanya hivyo kwa miaka mingi: maelezo ya nyongeza ya Sura ya 17 katika kitabu chao cha ushuru yanatenga bidhaa zenye zaidi ya asilimia 65 ya sukari katika uzito mkavu, na zile zenye zaidi ya asilimia 10. Mwagizaji anajua kikomo kabla hajaagiza, na maabara inajua inapima nini.

Wasomaji watauliza kama vikomo vya namna hiyo havizai hila mpya. Vinazaa, na Marekani wenyewe ni ushahidi. Mwaka 1995 forodha yao iliipa kampuni ya Heartland By-Products uamuzi wa awali, yaani uamuzi wa uainishaji unaotolewa kabla ya mzigo kufika, kwamba shira yake kutoka Kanada, ambayo ilikuwa sukari iliyochanganywa na molasi, iko katika kifungu kisichobanwa na mgao wa uagizaji wa sukari. Shira ilivuka mpaka hadi kiwanda cha Michigan, molasi ikaondolewa, ikabaki shira ya sukari ya kuuza kwa viwanda vya vyakula. Wazalishaji wa sukari wakalalamika. Mwaka 1999 forodha ikaufuta uamuzi wake; kampuni ikashinda katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo mwaka huohuo, kisha mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ikaipa serikali ushindi. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika kesi hiyo. Mimi naona forodha ilichelewa kuamka. Lakini kila hatua, tangu barua ya kwanza hadi hukumu ya mwisho, ilikuwa mahali ambapo mshindani, mkulima na mwandishi wa habari wangeweza kuisoma, na ndiyo maana hila yenyewe ilionekana.

Kwetu ni hila ipi ingeonekana? Uamuzi wa uainishaji hutolewa kwa barua kwa mwagizaji mmoja, na barua hiyo hukaa katika faili lake na faili la ofisi. Mwagizaji wa pili wa bidhaa ileile anaanza upya, pengine kwa afisa mwingine, pengine kwa jibu jingine. Bidhaa ikiingilia Mombasa kwenda Kampala, au Dar es Salaam kwenda Kigali, huweza kupata vichwa viwili katika Umoja wa Forodha ambao tangu mwaka 2005 umekusudiwa kuwa eneo moja kwa bidhaa zitokazo nje. Mwaminifu anabaki bila ulinzi, kwa kuwa hana cha kuonyesha. Mlaghai anafaidi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuhoji upendeleo asioujua.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho yake, inamruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa awali kabla ya mzigo kufika. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017 na ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unakwenda mbele kidogo: Ibara ya 3 inazitaka nchi zijitahidi kuuweka wazi uamuzi wa awali wenye maslahi kwa wahusika wengine, huku zikizingatia siri za kibiashara. Umoja wa Ulaya una hifadhidata ya wazi ya maamuzi ya namna hii, kila moja likiwa na maelezo ya bidhaa, namba iliyopewa na sababu zake. Marekani nayo ina ya kwake. Yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua usiku huu na kusoma jinsi poda ya aiskrimu yenye sukari ilivyoainishwa Ujerumani, na mimi hufanya hivyo mara nyingi ninapomwandalia mteja hoja. Ni kichekesho kwamba hoja ya kumtetea mwokaji wa Mbagala hutafutwa katika maamuzi ya Hamburg.

Hoja ya siri za kibiashara nimeisikia, na haina mashiko makubwa. Uamuzi hauhitaji jina la mwagizaji, la mtengenezaji wala la bidhaa, na uwiano kamili wa viambato unaweza kuandikwa kwa makundi: sukari kati ya asilimia 60 na 70, wanga kati ya 15 na 20, na kadhalika. Mara nyingi viambato vyenyewe vimeshaandikwa kwenye mfuko, kwa sababu sheria ya chakula inataka hivyo. Kinachobaki siri ni namna ya kutengeneza, na hiyo forodha haihitaji kuichapisha.

Hoja nyingine, kwamba asiyeridhika akate rufaa, ni ya haki kwenye karatasi. Anazo siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie uamuzi, Kamishna anazo siku 30 za kujibu, na akinyimwa anazo siku 45 za kwenda kwenye chombo cha rufani za kodi. Kampuni kubwa yenye wanasheria huitumia njia hiyo, na hukumu zinazotokana nayo huchapishwa, jambo linalosaidia. Kiwanda chenye wafanyakazi 12 hakisubiri siku 60 huku kontena likiwa bandari kavu. Kitalipa, kitapandisha bei ya biskuti au kitaacha kutengeneza biskuti hizo, na hakuna hukumu itakayoandikwa. Zaidi ya hayo, forodha inaweza kurudi ndani ya miaka mitano kudai ushuru uliopungua. Mwenye kiwanda aliyekwisha kuuza bidhaa zake kwa bei iliyojengwa juu ya ushuru wa asilimia 25 hana mteja wa kumrudia aongeze tofauti. Ni sawa kumdai aliyeficha. Aliyetamka viambato vyote kwa ukweli, na namba yake ikapitishwa na afisa aliyeviona viambato hivyo, anastahili kutozwa namba mpya kuanzia siku uamuzi ulipobadilishwa tu.

Kwa hiyo naomba, kupitia gazeti lako, mamlaka za mapato za nchi wanachama na Sekretarieti ya Jumuiya zianzishe daftari moja la wazi la maamuzi ya uainishaji, na zianze na Sura za 17, 18, 19 na 21 pamoja na maziwa ya Sura ya 4, ambako tofauti ya viwango ni kubwa na mabishano ni mengi. Maamuzi yatolewe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya Jumuiya hii pia. Uwekwe muda usiozidi siku kumi za kazi wa kupata jibu la maabara, na sampuli iliyochukuliwa kwa ajili ya Shirika la Viwango itumike pia kwa forodha, badala ya mfuko uleule kutobolewa mara mbili na kulipiwa mara mbili.

Toleo jipya la HS litaanza kutumika duniani tarehe 1 Januari 2028, na Jumuiya italazimika kuandika upya kitabu chake cha ushuru kabla ya siku hiyo. Vikomo vya sukari katika tarakimu mbili za mwisho vinaweza kuingizwa katika kazi hiyohiyo, bila kamati mpya. Vyama vya wakulima wa miwa, wenye viwanda vya sukari, waokaji na mawakala waitwe mezani wakati rasimu bado ni rasimu, kwa sababu kikomo kikishachapishwa, iwe ni asilimia 50, 65 au 80, kubishana nacho kutagharimu mara kumi zaidi.

Wako,
Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam